Mbwa Weupe Walirudi kwa Mwenyewe

Mtu aliyetupatia yule mbwa mweupe ndiye aliyekuwa muuzaji wa duka la kijiji, na miaka ile hilo peke yake lilitosha kumfanya mtu aogopwe. Sukari ilikuwa ya mgao. Sabuni ilikuwa ya mgao. Ukitaka chumvi unasubiri lori lifike kutoka Tarime mjini, halafu unasubiri yeye afungue dirisha, halafu unasubiri aamue kama zamu yako imefika. Alikuwa mtu mzima, rika la kaka mkubwa wa mume wangu, mnene kidogo, shati limepigwa pasi hata siku za matope. Watu walimwamkia kwa kuinama. Mimi pia nilikuwa nainama.

Tulikuwa hatujakaa sana kijijini. Kabla ya hapo kila ukoo ulikuwa na kilima chake kule Nyarero, boma mbali na boma, na mgeni akija unamwona akiwa bado ng'ambo ya kijito. Serikali ilipotupanga kwenye mistari, nyumba zikakaribiana hata jirani akikohoa unamwambia pole ukiwa kitandani kwako. Mazizi yalibaki nyuma ya nyumba, upande wa vichaka, na fisi hawakuhamishwa. Tulipopoteza mbuzi wa pili, mume wangu akasema tutafute mbwa, tena mbwa wa maana, si wa kuokota.

Mbwa wa muuza duka walijulikana. Ujanani mwake alikuwa mpishi wa Mzungu kwenye machimbo ya dhahabu, na yule Mzungu aliporudi kwao alimwachia mbwa jike mweupe pe. Huyo alishakufa. Aliyekuwa akizaa sasa ni binti yake, mweupe vilevile, mwenye jicho moja la kahawia na jingine la buluu kama la paka. Watu waliwapenda wale mbwa. Ukiwa na mbwa mweupe ulionekana umeendelea. Mwalimu alitaka, bwana shamba alitaka, katibu kata alitaka. Ulikwenda na mbuzi jike au debe la ulezi, ukarudi na mtoto wa mbwa kwenye kikapu.

Mume wangu alinichukua tuende wote, kwa kuwa mimi ndiye ningemlisha. Watoto wa mbwa walikuwa wamelala chungu moja kwenye kivuli cha kihenge. Nikaomba kumwona mama yao. Nyumbani kwetu hata ukipewa kuku wa mbegu unaangalia kwanza anakotoka. Muuza duka akasema jike mwenye watoto ana hasira, amefungwa nyuma, tusimsumbue. Kisha akawasogelea wale watoto, akainua mguu, akaupiga chini kwa nguvu. Wote wakaruka mara moja.

"Mnaona walivyo wepesi," akasema.

Akatuchagulia yeye mwenyewe. Alimshika mmoja shingoni, akamweka kwenye kikapu changu, akatuambia tumlishe uji, akikua tumpe mifupa, na tusimzoeze kuchezewa na watu. Maneno yake yaliishia hapo. Baadaye sana ndipo nilipoelewa ule mguu. Mtoto wa mbwa asiyesikia anahisi ardhi ikitikisika. Na asipohisi, wenzake wakiruka naye anaruka. Alitukanyagia ardhi mbele ya macho yetu, na sisi tukamshukuru tukamwachia mbuzi.

Mbwa alikua vizuri. Alikuwa mpole kuliko tulivyotaka, lakini mume wangu alimwona ana kiburi. Ukimwita anaendelea na shughuli zake. Ukimfokea anakutazama mdomo kama anayesubiri umalize. Alilala usingizi mzito ajabu; ng'ombe walipita karibu na kichwa chake, hainui sikio. Siku nyingine fisi analia nyuma ya zizi na yeye yuko ukutani amejikunja. Mume wangu alisema ni mbwa mvivu, damu ya Kizungu imemharibu. Watoto hawakujali. Binti yangu, mdogo wa mwisho wakati ule, ambaye hakuwa ameanza shule, alimlalia mgongoni, akamvuta masikio, na mbwa alimwachia afanye anavyotaka. Ila siku zote hizo mbwa alikuwa amemwona akija.

Ilikuwa mchana, nilikuwa naanika mihogo juu ya jiwe. Mbwa alikuwa amelala kando ya ukuta, uso umegeukia ukutani. Binti yangu alikuwa na tonge la ugali lenye mafuta mkononi, akaenda kumpa. Nilimsikia anamwita. Aliita tena. Halafu akainama akamkumbatia kwa nyuma.

Mbwa aliamka na meno. Alimshika shavuni, chini ya jicho, akaachia palepale. Hilo ninalikumbuka vizuri ingawa siku ile halikunisaidia: aliachia, akarudi nyuma, akatikisa mkia, akataka kumlamba. Lakini mtoto alikuwa anapiga kelele, damu imejaa kifuani, na majirani walikuwa wanasema kichaa, kichaa, mbwa ana kichaa. Mume wangu alitoka na rungu. Mbwa hakukimbia, kwa sababu rungu lilitokea nyuma yake.

Hospitali ya Tarime mganga wa zamu alituuliza mbwa yuko wapi. Mume wangu akasema amekwisha kumuua, kwa sauti ya mtu anayengoja kusifiwa. Mganga, kijana wa Bukoba, akashika kichwa. Alitueleza polepole kwamba mbwa aliyeuma anafungwa na kuangaliwa. Akikaa mzima, mtoto hana shida. Akiuawa na kuzikwa hakuna wa kujua. Sasa hapakuwa na njia ila sindano, na sindano za kichaa cha mbwa siku zile zilipigwa tumboni, kuzunguka kitovu, asubuhi baada ya asubuhi.

Tulikaa kwa wifi yangu, pale mtaa wa Turwa, ili tuwe karibu. Kila kukicha nilimbeba mtoto mgongoni kwenda hospitali, na tukifika kwenye ule mlango wa kijani alikuwa ananishika nywele kwa mikono miwili. Mimi ndiye niliyemshika miguu. Nesi alikuwa mwema, alimwimbia, alimpasulia karanga, lakini sindano ni sindano. Tumbo lilimvimba likawa gumu kama ngozi ya ngoma. Alianza kukataa kula. Jambo lililoniumiza zaidi ni kwamba aliacha kulia. Ananiona ninavyofunga khanga ya kumbebea, ananyoosha mikono kimya, anapanda mgongoni.

Jirani wa wifi yangu alikuwa mke wa askari magereza, Mgogo kutoka Dodoma. Alikuja kutupa pole na mbwa wake akamfuata. Mbwa mweupe. Nilimvuta binti yangu nikamweka nyuma yangu. Yule mama akaniambia nisiogope. Mbwa alikwisha kujilaza mlangoni, naye kabla ya kumgusa akapiga mguu chini, mara moja, tena mara ya pili. Mbwa akainua kichwa, ndipo yule mama akamshika.

Nikamuuliza kwa nini amefanya vile.

"Huyu hasikii," akasema. "Tangu tumchukue. Ukimgusa bila kumwonya anashtuka, anaweza kukung'ata bila kukusudia."

Nikamuuliza wamemtoa wapi. Akanitajia kijiji chetu, na duka letu. Nikamuuliza kama walimwambia mwenye mbwa. Hapo akainamisha kichwa. Alisema alipogundua alirudi kule kwa miguu yake, na muuza duka hakushangaa hata kidogo. Alimwambia hawa weupe ndivyo walivyo, kila uzao hawakosekani wasiosikia. Kisha akampa mche wa sabuni, akamwomba asitangaze. Naye aliupokea. Sabuni ilikuwa haipatikani mjini kote. Alipokuwa akisema hayo alikuwa anatazama bandeji kwenye shavu la mwanangu, na mwisho akaanza kulia.

Mimi sikulia. Machozi yangu yalikuwa yamekwisha hospitali, na kwa ajili ya mtu yule sikuwa nayo. Nilihisi utulivu, kama mtu aliyepoteza kitu siku nyingi akaonyeshwa kilipo. Kumbe kuna mwenye kosa, na anauza sukari.

Sindano zilipokwisha tulirudi. Siku iliyofuata nilikwenda dukani, mtoto mkononi. Watu walikuwa kwenye foleni. Nilipita mbele nikasimama dirishani, na sikumwamkia. Wazee waliokuwa pale waligeuka kunitazama, kwa sababu mke wa ukoo wetu hasimami mbele ya mtu wa rika lile bila shikamoo. Nilimuuliza kama alijua kwamba mbwa aliyetupatia ni kiziwi.

Alimtazama mtoto kidogo tu. "Mke wetu," akasema, "mbwa ni mbwa. Ukishamfunga kamba yako ni wako. Na mtoto anafundishwa kumwacha mbwa alale."

Kama angesema pole, sijui ningefanya nini. Pengine ningeondoka. Lakini alimtupia kosa mtoto ambaye tumbo lake lilikuwa bado na alama za sindano, kisha akaniambia sukari imekwisha, na huku nyuma yake naliona gunia. Kuanzia siku ile nyumba yetu haikupata sukari. Mume wangu aliniambia niache, tutakosa na chumvi. Alikuwa anasema kweli. Niliacha kuzungumza naye habari ile, nikaanza kazi yangu.

Kazi yangu ilikuwa kuwatafuta mbwa weupe.

Nilikuwa na mfuniko wa sufuria na mwiko wa mti. Nikienda msibani, nikienda mnadani, nikienda kusaga, nilivibeba kwenye kikapu chini ya khanga, na binti yangu nilikwenda naye. Nikimwona mbwa mweupe namuuliza mwenyewe amemtoa wapi. Akiwa ametoka kwa muuza duka wetu naomba ruhusa, nasimama nyuma ya mbwa mbali kidogo, napiga mfuniko. Watu walicheka mwanzoni. Walidhani maradhi ya mtoto yamenipanda kichwani. Halafu wanaona kuku wanatawanyika, mbuzi wanaruka, watoto wanaziba masikio, na mbwa mweupe anaendelea kujikuna. Kicheko kinakwisha.

Si wote waliokuwa viziwi. Waliosikia niliwaambia wenyewe huyu ni mzima, kaeni naye kwa amani. Sikutaka kumpa yule mtu nafasi ya kusema nasema uongo. Lakini viziwi walikuwa wengi kuliko nilivyofikiri, na kila nyumba ilikuwa na habari yake. Nyumba moja mbwa aligongwa na trekta la kijiji, dereva akapiga honi hadi akachoka. Nyumba nyingine mzee alikuwa anampiga mbwa wake kila siku kwa ukaidi. Nilipopiga mfuniko nyuma ya mbwa yule, mbwa hakugeuka. Mzee akaenda kukaa karibu na yule mbwa, akaweka mkono mgongoni mwake, na hakutuaga tulipoondoka.

Niliambiwa wengine wamefika hadi Serengeti, kwa watumishi waliohamishiwa huko. Nikapata nafasi kwenye lori la pamba hadi Mugumu, nikalala kwa watu wa kanisani, nikaenda Morotonga kwa miguu. Kulikuwa na mwalimu mmoja, Mchaga, ana mke mjamzito. Mbwa wao alikuwa bado mdogo na alilala chini ya kitanda cha kamba ambacho walikuwa wanakitayarisha kwa ajili ya mtoto. Nilipiga mfuniko. Mke wa mwalimu alimtazama mbwa, akanitazama mimi, akamtazama binti yangu. Nilimfunua binti yangu shavu, nikamfunua na tumbo. Sikuhitaji kusema zaidi. Mwalimu alisema atamleta mbwa siku nitakayomwambia, hata kama ni kwa baiskeli.

Watu wa kijijini kwetu ndio waliokuwa wagumu, kwa sababu ya mgao. Waliniambia nenda wewe, sisi tutakuja nyuma. Niliwaambia nyuma hapana, tutakwenda siku moja, wote, tena siku ambayo mwenyekiti wa kijiji yupo. Lori la sukari likifika mwenyekiti alikuwa anasimama dukani kusimamia ugawaji. Niliichagua siku hiyo. Nilitaka watu wawe wengi. Nilitaka aaibike mchana kweupe mbele ya kila aliyewahi kumwinamia.

Walikuja. Nilikuwa nimesimama kwenye kona ya ofisi ya kijiji nawahesabu wakiingia, moyo unanipiga kama wa bibi harusi. Walitoka njia ya kisimani, wakatoka njia ya josho, wakatoka barabarani, kila mtu na kamba yake na mbwa mweupe mwishoni mwa kamba. Mke wa askari magereza alikuja na basi, akasema amelipa nauli ya mbwa. Mwalimu wa Morotonga alifika na vumbi hadi kwenye nyusi. Mbwa walitazamana, wakanusana, wakaanza kucheza mbele ya duka, bila mmoja kubweka. Foleni ya sukari ilivunjika, watu wakatengeneza duara.

Muuza duka aliweka mizani chini. Alisema hapokei kitu. Mwenyekiti, mzee mrefu aliyekuwa zamani askari wa mfalme wa Waingereza huko Burma, hakupenda makelele; akaomba kiti, akaketi penye kivuli cha duka, akasema jambo hili tulimalize kabla ya sukari. Akamuuliza muuza duka, mtu akikupa ng'ombe wa mahari akaficha kwamba hazai, tunafanyaje. Akajibu kwamba tunamrudisha, lakini mbwa si ng'ombe.

Mwenyekiti akaniambia niseme.

Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi makali. Yaliyotoka ni haya. "Nilikuomba kumwona mama yake, ukanikatalia. Ulijua huyu hasikii. Ulitakiwa kusema, huyu hasikii, mwamsheni kwa mguu, mtoto asimshike amelala. Basi. Pengine ningemchukua hata hivyo, pengine ningemwacha, lakini ningejua. Mbuzi wangu kaa naye. Sikuja kwa ajili ya mbuzi."

Akasema hakujua. Alisema mbele ya wote kwamba mtu hawezi kujua mbwa mchanga anasikia au hasikii.

Hapo mke wake akatoka mlango wa nyuma, akijifuta mikono kwenye khanga. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, mimi nilikuwa sijawahi kumsikia akizungumza mbele ya wanaume. Alisema bila kumtazama mumewe: "Anawajua. Wakishafumbua macho na kuanza kutembea, anapiga debe nyuma yao mmoja mmoja. Wasioinuka anawafunga uzi mguuni. Hao ndio anaowatoa kwanza, kabla hawajakua wakajulikana. Mimi ndiye ninayefungua uzi mnapokuja."

Sijawahi kusikia maneno matamu kama yale, na sitaki kudanganya kwamba nilimwonea huruma yule mtu. Nilimtazama uso unavyobadilika, na nilitamani uchelewe kubadilika ili niutazame zaidi.

Mwenyekiti aliuliza wazee wa baraza, wakanong'ona, akatoa uamuzi. Muuza duka arudishe alichopokea kwa kila anayetaka. Yule jike asipandishwe tena. Tangu leo mtu akitoa mtoto wa mbwa katika kijiji hiki aonyeshe mama, apige debe nyuma ya mtoto huyo mbele ya anayechukua, na akirudishiwa asikatae. Watu wakaitikia. Muuza duka, kwa sauti ndogo, akasema sawa, lakini mbwa wote hawa atawapeleka mtoni.

Kila mtu alielewa maana ya mtoni. Gunia na jiwe.

Nikamwomba mwenyekiti ruhusa tena. Nilisema hawa mbwa hawana kosa, na kosa lenyewe lina mwenyewe. Yeye ndiye aliyewazalisha, awalee. Awalishe hadi wafe kwa uzee wao. Na mimi nitakuwa napita kuwatazama, na nikimkosa mmoja nitakuja kuuliza.

Mwenyekiti alinitazama. Nadhani alijua kwamba huruma yangu kwa mbwa ilikuwa ndogo kuliko hamu yangu ya kumwona yule mtu akiwabebea ugali. Lakini alicheka kidogo, akasema mama amesema vizuri, na iwe hivyo.

Basi mbwa weupe walirudi kwa mwenyewe, isipokuwa wa yule mzee, ambaye alikataa kumtoa. Walijaa uani kwake. Walilala mlangoni, watu wakawaruka. Ulezi uliokuwa ukiingia kwake kwa vikapu sasa ulitoka kwa masufuria. Mifupa alikuwa anaomba buchani, yeye ambaye wachinjaji walikuwa wanampelekea maini nyumbani. Watoto wa shule wakipita walikuwa wanapiga mguu chini barabarani na kucheka, naye anajua wanamcheka nani. Sukari yangu nilianza kuipata, kipimo kamili. Nilikuwa napita kila wiki kama nilivyoahidi. Nilisimama kwenye ua, nikawatazama mmoja mmoja bila haraka, nikaondoka bila kusema neno. Padri wa kigango alinishauri nimsamehe. Mume wangu aliniuliza natosheka lini. Niliwaambia nikitosheka nitawajulisha.

Jambo ambalo sikulitazamia ni binti yangu. Siku moja nilipita kwenye ule ua nikamkuta ndani, amekaa katikati ya mbwa, na mke wa muuza duka anamwonyesha jinsi ya kuwaita kwa mkono. Kiganja chini, njoo. Kiganja juu, kaa. Kabla ya kumkaribia aliyelala anapiga kisigino, anangoja kichwa kiinuke. Nilimvuta nikamrudisha nyumbani na kumchapa. Kesho yake akaenda tena. Nilimkataza kwa kila namna, hakuacha. Alinijibu tu kwamba wale mbwa hawana shida ukiwaambia kwanza. Yeye alikuwa amemaliza na jambo lile, na mimi nilikuwa sijamaliza, na katika nyumba moja hilo lilikuwa gumu kidogo.

Miaka ilikwenda. Duka alilitoa mikononi kwa hiari, au aliambiwa aseme ni kwa hiari. Yule jike alikufa, na wale wengine mmoja baada ya mwingine, kwa uzee na kwa kupe. Nilikuwa naulizia kila kifo. Binti yangu alikuwa amefika darasa la sita nilipopata habari kwamba wanahamia Morotonga, mtoto wao wa kiume amepata shamba huko. Nilifurahi kidogo nikifikiri kwamba Morotonga wanamjua tayari.

Alikuja alasiri, kabla ya siku ya safari, na mbwa mmoja kwenye kamba, wa mwisho. Alikuwa amekonda, shati limekunjamana. Hakuketi kwa sababu sikumpa kiti. Alisema lori halitaki mbwa, na huyu amezoeana na binti yangu, na kama sitaki ataelewa. Halafu, kabla sijajibu, akaanza kusema. Alisema mbwa huyu hasikii masikio yote mawili. Mama yake ni yule wa jicho la buluu, baba yake ni mbwa wa josho, wote wamekufa kwa uzee. Aliwahi kuumwa na kupe akapona. Haogopi radi, anaogopa moto. Anakula ugali wa mihogo, wa mtama unamharisha. Asiguswe amelala. Na akimshinda binti yako, akasema, mnitumie habari Morotonga, nitakuja kumchukua mwenyewe.

Nilimwacha amalize. Kisha nikamwita binti yangu atoke ndani, nikamsimamisha mbele yake, kovu limeelekea upande wa jua.

"Sasa rudia," nikamwambia. "Mwambie yeye. Toka mwanzo."

Alinitazama, akaona sitanii. Akachuchumaa polepole, goti likalia, akiwa na kamba mkononi, na akamwambia mtoto yote tena, neno kwa neno, hadi asiguswe amelala. Binti yangu alimsikiliza kwa heshima, akamwambia asante, babu, akapokea kamba.

Mzee yule akasimama, akaaga. Kwetu mgeni anasindikizwa, hata adui, angalau hadi barabarani. Mimi niliendelea kupeta mtama wangu. Sikumsindikiza.